Darasa la watoto kumi si darasa tupu

Kila chumba cha darasa watoto 30. Hiyo ndiyo hesabu iliyotumika Chicago mwaka 2013 kuamua shule ipi ibaki na ipi ifungwe. Shule iliyokuwa na watoto chini ya asilimia 80 ya idadi hiyo ilihesabiwa kuwa jengo lake halitumiki ipasavyo. Tarehe 22 Mei mwaka huo bodi ya elimu, ambayo wajumbe wake wote waliteuliwa na meya Rahm Emanuel, ilipiga kura kufunga shule 50 kwa siku moja. Watoto karibu 12,000 wakahamishwa, na wengi wao sana walikuwa watoto weusi wa kusini na magharibi mwa jiji.

Kinachoniuma ni hiyo 30. Darasa la elimu maalumu halina watoto 30, na haliruhusiwi kuwa nao: kanuni za jimbo zinaweka kikomo cha chini zaidi, kwa sababu mtoto asiyeweza kusema au asiyetulia anahitaji mwalimu na msaidizi karibu naye. Kwa hiyo shule iliyojitolea kupokea watoto wengi wa namna hiyo, kwenye karatasi ilionekana shule yenye vyumba vinavyopwaya. Hesabu iliacha nafasi kidogo kwa vyumba vya shughuli nyingine, lakini wazazi walisimama kwenye vikao vya hadhara wakaeleza kwa machozi kwamba haitoshi. Chumba anachokaa mtaalamu wa matamshi na mtoto mmoja kwa nusu saa kinafanya kazi. Chumba cha muuguzi kinafanya kazi hata siku ambayo hakuna mgonjwa.

Vikao vilikuwa vingi. Baadhi viliongozwa na majaji wastaafu, na kwa shule kadhaa majaji hao walishauri zisifungwe. Orodha ya shule 54 ikapungua kwa nne tu. Mzazi aliyekesha akiandika maneno yake machache ya kusema mbele ya bodi, akaenda na kurudi kwa basi, alitoka akijua uamuzi ulikuwa umeshafanywa. Naamini jeraha hilo ni kubwa kuliko la jengo lenyewe.

Halafu uongozi. Barbara Byrd-Bennett, mtendaji mkuu wa shule za umma za Chicago aliyesimamia ufungaji ule kwa hoja ya uhaba wa fedha, alikiri mahakamani Oktoba 2015 kosa la ulaghai. Lilihusu mkataba wa zaidi ya dola milioni 20 wa mafunzo ya walimu wakuu, uliopitishwa bila ushindani wa zabuni Juni 2013, mwezi mmoja baada ya kura ya kufunga shule. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha miaka minne na nusu. Nikiyaweka mambo hayo mawili pamoja, mwezi kwa mwezi, nawafikiria wale wazazi walioambiwa hakuna pesa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa ripoti mwaka 2018: alama za watoto wa shule zilizofungwa zilishuka tangu mwaka ule tangazo lilipotolewa, kabla hata hawajahama, na katika hisabati pengo lilidumu miaka kadhaa.

Kwa nini nayarudia haya sasa? Kwa sababu Septemba 2024 bodi iliazimia kwamba hakuna shule itakayofungwa hadi 2027, na Januari 2027 ndipo bodi ya wajumbe 21, wote wa kuchaguliwa na wananchi, inapokaa kwa mara ya kwanza. Muda wa azimio unakwisha mwaka uleule. Madarasa yenye watoto wachache yapo bado, na upungufu wa fedha upo.

Huku kaskazini mwa jiji, mtaa wa Rogers Park, tuna familia nyingi za Kikongo zinazosema Kiswahili nyumbani. Nimekutana na mama mmoja aliyeniambia mambo ya shule hayamhusu kwa sababu bado hajapata uraia. Mama yangu, yanakuhusu! Kura ya bodi ya jiji ni ya raia, ni kweli. Lakini kila shule ya kawaida ina baraza lake, lililowekwa kwa sheria ya 1988, lenye viti sita vya wazazi katika shule za msingi, na mzazi anapiga kura na hata kugombea kiti bila kuulizwa uraia. Baraza hilo ndilo linalochagua mwalimu mkuu na kupitisha bajeti ya shule. Mabaraza mengi hukosa watu wa kujaza viti vya wazazi, wakati pale ndipo mzazi anapoweza kuuliza kama kutakuwa na mtu wa kumsaidia mtoto wake anayejifunza Kiingereza.

Kwa hiyo kwenye kikao kijacho cha baraza la shule ya mtaani kwetu nitauliza jambo moja, na nawaomba wenzangu waliulize kwenye shule zao: wakitumwa tena watu wa kuhesabu vyumba, je, tunayo karatasi inayoonyesha kila chumba kinatumika kwa kazi gani, siku gani, na watoto wangapi? Kama haipo, nitajitolea kuiandika mimi.