Zamu ya maji na zamu ya fundi

Kibosho nilikokulia, maji ya mfereji yana zamu. Nyumba hii Jumatatu asubuhi, ile mchana, na mwenyekiti wa mfereji anazo zote kichwani. Kuiba maji ni kazi nyepesi: unachukua jembe lako, unaondoa udongo na maganda ya mgomba yaliyoziba mdomo wa kihamba chako, yaani shamba la nyumbani, maji yanaingia. Jembe ni lile lile unalopalilia kahawa, na hakuna wa kukukamata kwa kulibeba. Unakamatwa kwa sababu jirani wa chini ameona maji yamepungua, na anajua leo siyo siku yako.

Nimeiwaza sana mifereji hiyo tangu yaliyotokea kwenye ofisi moja ya kupandisha wageni mlimani, hapa Moshi mjini, ambayo kompyuta zake nazitunza mimi.

Mgeni aliandika barua pepe kuuliza gari la kumpokea uwanja wa ndege wa KIA litafika saa ngapi. Alikuwa ameshalipia safari ya watu wanne. Ofisini hakuna hata senti iliyoingia. Ankara aliyolipia ilikuwa na nembo ya kampuni, bei zilikuwa sahihi mpaka ada za hifadhi, ila namba ya akaunti ilikuwa ya mtu mwingine. Ilitumwa kutoka kompyuta ya mhasibu, kwa anwani yake halisi, saa nane na dakika arobaini usiku. Mhasibu alikuwa nyumbani kwake amelala.

Antivairasi ilikuwa kijani. Niliipitisha upya kompyuta nzima, ikatafuta karibu saa mbili, haikupata kitu. Na kwa kweli hakukuwa na kirusi cha kupata. Aliyeingia alitumia programu ya kuingilia kompyuta kwa mbali, ile ile ninayoitumia kurekebisha printa bila kutoka nyumbani. Niliiweka mimi. Nywila niliichagua mimi, na ilikuwa moja kwa ofisi zote ninazozihudumia. Akishaingia, alifungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, akaorodhesha watumiaji na mafolda ya pamoja, akaenda moja kwa moja kwenye folda la ankara. Kila alichokigusa kilikuwa mali ya nyumba.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye. Programu hiyo huweka faili dogo la maandishi: tarehe, saa, na namba ya kifaa kilichoingia. Nililifungua nikitarajia kumwona mwizi pale pale. Nikakuta namba saba. Mbili nilizijua. Moja ilikuwa laptopu yangu ya zamani kabla sijaifuta na kuipanga upya, au niseme nilidhani hivyo. Nyingine huenda ni simu ya kijana anayenisaidia, ambaye amebadili simu mara mbili. Na mistari ya usiku ilikuwa mingi, kwa sababu hata mimi naingia usiku, ofisi ikiwa tupu na intaneti ikiwa na nafasi. Nilikaa na mama mwenye kampuni mezani, faili hilo likiwa wazi katikati yetu, akinyoosha kidole mstari kwa mstari: "Huu ni wewe, baba?" Nikajibu, "Nadhani ni mimi, mama." Mstari wa pili, nadhani. Wa tatu, sikumbuki. Nyayo zangu na nyayo za mwizi zilikuwa juu ya udongo mmoja na sikuweza kuzitenganisha.

Wadukuzi wakubwa wanaijua njia hii siku nyingi. PowerShell ilitoka mwaka 2006 kama msaada kwa wasimamizi wa mifumo, na leo imo ndani ya kila Windows. PsExec ni chombo kidogo cha kuendesha amri kwenye kompyuta ya pili bila kuiendea. Juni 2017 shambulio la NotPetya lilipoanzia Ukraine kupitia masasisho ya programu ya kodi, liliiba nywila zilizokuwa ndani ya kompyuta kisha likasambaa kwa PsExec na WMIC, amri nyingine ya Windows ya kuendesha kompyuta ya mbali, pamoja na tundu la Windows lililokuwa limeshajulikana. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kupanga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Nakala ya orodha yao ya watumiaji iliyowaokoa ilipatikana Ghana, kwenye seva iliyokuwa imezimika kwa kukatika umeme. Na Mei 2023 Microsoft na serikali ya Marekani walitangaza kundi waliloliita Volt Typhoon, lililoingia kwenye mitandao ya miundombinu ya Marekani, Guam ikiwemo, likitegemea zaidi amri zinazokuja na Windows yenyewe.

Wapo wenzangu wanaosema dawa ni kuifunga PowerShell kabisa. Sikubaliani nao. Ukilificha jembe, shamba lako nalo halilimwi, na mwizi ana mengine kumi ndani ya Windows hiyo hiyo. Certutil iliwekwa kwa ajili ya vyeti vya usalama, lakini inaweza kushusha faili kutoka intaneti. Vssadmin inasimamia nakala za akiba za mfumo, na wanaofunga mafaili ya watu ili kudai fedha huitumia kuzifuta nakala hizo kwanza. Utafunga ngapi?

Cha kuangalia ni nani amekiita chombo, saa ngapi, kutoka wapi, na kwa kazi gani. PowerShell ikifunguliwa na fundi mchana ni kazi. Ikifunguliwa na Word, mara tu mhasibu alipofungua barua ya "mteja", kimbia ukachomoe waya wa mtandao. Word haina shughuli na PowerShell katika ofisi kama zetu. Amri ndefu iliyogeuzwa kuwa herufi zisizosomeka nayo inauliza swali, maana fundi mwenye kazi halali ana sababu gani ya kuficha anachokiandika? Huduma mpya, yaani programu inayojiendesha chinichini, ikijisajili kwenye seva usiku, Windows huandika tukio namba 7045 kwenye logi, kumbukumbu zake za matukio, na PsExec ikipita huacha jina lake hapo, PSEXESVC, isipokuwa aliyeitumia amelibadilisha.

Tatizo ni kwamba mengine hayaandikwi mpaka uyawashe. Tukio 4688, linaloonyesha kila programu inayofunguliwa, kwenye kompyuta nyingi limezimwa, na hata ukiliwasha, maneno ya amri yenyewe yana swichi yake ya pekee. Tukio 4104, linalohifadhi maandishi ya skripti za PowerShell, nalo liwashe. Kisha ongeza nafasi: logi ya usalama kwenye Windows ya kawaida huja na megabaiti 20, ikijaa inafuta ya zamani. Ofisi yenye pilika za msimu wa Julai inaweza kupoteza ushahidi kabla mgeni hajauliza gari. Sysmon, programu ya Microsoft ya kuandika matukio ya kompyuta, ni ya bure na inaandika vizuri zaidi. Ukiweza, peleka nakala ya logi kwenye mashine nyingine, kwa sababu mwizi mwenye haki za msimamizi anaweza kuzifuta.

Hayo yote ni ya kufanya, nami nimeyafanya. Ila hayakunisaidia kitu mpaka nilipokubali kwamba pengo la kwanza lilikuwa kwangu. Sisi mafundi wa ofisi ndogo, Moshi na Arusha pia, tunaingia kwenye kompyuta za watu tukitaka, na akaunti moja ya msimamizi tunaigawana watatu. Hatumwambii mtu tumefanya nini. Halafu tunataka mashine itambue mgeni, wakati hata mwenyeji hana ratiba. Yule jirani wa chini aliweza kumjua mwizi wa maji kwa kuwa zamu ilikuwa inajulikana. Pasipo na zamu, kila mwenye jembe ana haki.

Kwa hiyo kila mtu sasa ana akaunti yake, na nywila ya kila ofisi ni ya ofisi hiyo tu, ikifuatiwa na namba ya kuthibitisha inayokuja kwenye simu. Kuingia kwa mbali kunaruhusiwa Jumanne na Alhamisi, saa mbili mpaka saa nne usiku. Kuna daftari la karatasi, kurasa zimepigwa mistari: tarehe, saa, nani, kompyuta ipi, kufanya nini, saa ya kutoka. Mtu akiingia, mama anapata ujumbe kwenye simu. Wenye makampuni wengine wameniambia huo ni usumbufu. Mama huyu, aliyebeba hasara ya safari ya watu wanne na bado akawapandisha mlimani, hajawahi kuuita usumbufu.

Wiki iliyopita alinipigia asubuhi kabla sijanywa chai. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha hakuzunguka.

"Jana saa tano kasorobo usiku kuna mtu ameingia kwenye seva. Jana ilikuwa Jumatano. Ulikuwa wewe?"

Nilikuwa mimi. Nakala ya akiba ilikuwa imekwama, nikaingia kuisukuma kwa dakika sita, sikuandika. Nilimwomba radhi, nikapanda bodaboda kwenda ofisini, nikajaza mstari ule kwa kalamu yeye akiwa amesimama pembeni yangu anasoma.