Kila Mtu Mwalimu wa Mafuta

Leo asubuhi kijana wa sheli ameniuliza, kwa sauti iliyofika mpaka pampu ya dizeli, "Bosi, leo tunaweka ya ngapi?"

Ya ngapi! Mwenye IST aliyekuwa mbele yangu ameulizwa "tujaze, mkubwa?" na akaitikia kwa kichwa tu, simu haijatoka sikioni. Mimi nimeketi ndani ya Mark X ya mwaka 2010, nyeusi, V6, lita mbili na nusu, farasi 203, rimu za inchi 18 zinazong'aa mpaka mbuzi wanajitazama, halafu naulizwa ya ngapi. Nikashusha kioo nusu, kwa heshima zote za mwenye gari. "Weka ya kumi," nikasema. Kisha nikaongeza, wala hakuniuliza, kwamba leo siendi mbali.

Gari silijutii hata kidogo. Tuelewane hapo kwanza, maana kuna watu wakisikia mtu analia na mafuta wanakimbilia kusema "ungechukua Passo." Passo mpande ninyi. Ninachosema ni kwamba tangu lita ilipovuka shilingi 3,000, jiji zima la Dar es Salaam limekuwa chuo cha kubana mafuta, na mwanafunzi ni mimi peke yangu. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakishatangaza bei kikomo, simu yangu haipumziki. Ndugu wananitumia lile tangazo. Hakuna anayetuma hela, wanatuma tangazo.

Na asinipongeze mtu kwamba siku hizi hatulipi road licence, ile ada ya gari ya kila mwaka. Ilifutwa mwaka 2017, sawa, lakini ilihamia kwenye pampu, shilingi 40 kila lita. Mwenye Passo anaweka lita zake tano, anachangia mia mbili, anatamba nazo wiki nzima. Mimi kwa hesabu zangu kuna daraja mahali fulani huko mikoani lingepaswa kuwa na jina langu.

Basi walimu. Ofisini wamenishauri nizime AC. Gari jeusi, vioo giza, Februari, Dar. Nimefika kazini bosi akaniuliza kama kwetu mvua imenyesha. Fundi wangu amesema ni plagi. V6 ina plagi sita, kwa hiyo hilo si tatizo, ni matatizo sita. Tulipobadilisha zote akasema sasa itakuwa sensa ya oksijeni, akachomeka mashine ya kupimia, mashine haikuona kosa lolote, naye akahitimisha kwamba mashine ni mbovu. Kuna kijana mtandaoni ameniuzia kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, ati kinapunguza ulaji. Kina taa ya kijani. Taa inawaka, siwezi kumsingizia.

Ushauri pekee uliokuwa na akili ulikuwa wa upepo, maana tairi likiwa laini injini inavuta mzigo zaidi. Kipimo kimeandikwa kabisa kwenye karatasi ndogo, ukifungua mlango wa dereva unaiona hapo kwenye nguzo. Nikampelekea kijana wa upepo, nikamwonyesha karatasi. Akaitazama kwa adabu, akazunguka, akalipiga tairi teke moja, akasikiliza. "Hilo lipo vizuri, braza." Na kipimo chako? "Kipimo kaondoka nacho mwenzangu."

Shemeji ndiye aliyevuka mpaka. Huyu aligundua kwamba kwenye gari langu kuna batani imeandikwa SNOW, akasoma mahali kwamba ukiibonyeza gari linaondoka pole pole, injini haifoki. Ni kweli, Wajapani waliiweka ili tairi zisiteleze kwenye theluji. Sasa nikawa nashuka Ubungo saa saba mchana, lami inayeyuka, wauza maji wamejikinga chini ya nguzo, na kwenye dashibodi yangu inawaka taa ya theluji. Theluji ya karibu na hapo iko juu ya Kilimanjaro, na hata hiyo inazidi kupungua.

Lakini hao wote ni wa chekechea. Profesa ni mzee wetu wa mtaani hapa Kimara, mstaafu, aliyeendesha malori njia ya Tunduma kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Juzi alfajiri kanikuta getini, kavaa koti, bahasha ya makaratasi ya mafao kwapani, na chupa ya chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaenda mjini?"

"Naenda, mzee."

"Basi leo nitakufundisha. Hili gari halili mafuta. Halijapata dereva."

Nikawasha. Binti wa Kijapani aliyemo ndani ya gari akatoa tangazo lake la kila siku. Mzee akageuka kutazama siti ya nyuma.

"Anasemaje huyu?"

"Anasema hakuna kadi, mzee."

"Kadi gani?"

"Ya kulipia barabara za kule Japani."

"Mwambie tupo Kimara."

Kisha akafungua chupa, akamimina chai ya rangi mpaka ukingoni mwa kikombe, akakiweka juu ya dashibodi, mbele ya macho yangu. Hakikuwa na kifuniko. "Ikimwagika," akasema, "umekanyaga."

Ndugu zangu, niliendesha. Farasi 203 niliwashika hatamu wote. Mshale wa mizunguko ulikuwa umelala kama mgonjwa. Bajaji zikanipita. Bodaboda iliyobeba kabati la milango mitatu ikanipita, na yule aliyelishikilia kabati akageuka kunitazama kwa huruma. Akanipita mtu wa guta, tena anapanda na mzigo wa matofali. Nyuma yangu honi zilikuwa za kila kabila. Mzee ametulia, macho kwenye kikombe. "Waache wapige. Mafuta yao hayo."

Tukafika kwenye mteremko. "Tia nyutro!"

"Mzee, magari haya hayataki nyutro. Ukiondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa kwenye gia, kompyuta inakata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanaizungusha injini. Ukitia nyutro inabidi inywe kidogo kidogo ili isizime."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma."

"Umesoma." Akanyamaza kidogo ili neno linikae vizuri. "Mimi nimeshuka mlima wa Kitonga."

"Kitonga ulishuka na nyutro, mzee?"

Kimya. Chai ikatikisika yenyewe. "Kitonga ni Kitonga," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba walioshuka Kitonga na nyutro hawapo tena kutoa ushauri kwa mtu, lakini mzee ni mzee. Nikatia nyutro. Tukawa tunaelea kuelekea mjini kwa mwendo wa maandamano ya Ekaristi, na hapo ndipo afande akajitokeza katikati ya barabara na mkono juu.

"Habari za asubuhi, dereva. Gari bovu?"

"Hapana, afande. Zima kabisa."

"Una mgonjwa?"

Akamtazama mzee. Mzee akamtazama yeye.

"Hatuna mgonjwa, afande. Nabana mafuta."

Afande akarudi hatua mbili, akaziangalia rimu. Akaangalia nyuma, maandishi yale ya Mark X, akahakikisha. Akamwita mwenzake aliyekuwa na tochi ya kupimia mwendo. "Njoo uone." Yule wa tochi akaja na tochi yake, akakiona kikombe kwenye dashibodi, akanong'ona kitu, wakacheka kwa namna ambayo serikali haitakiwi kucheka na raia. "Wenzako wa gari hizi tunawadaka hapa na themanini, na tisini," akasema. "Wewe sijui nikuandikie nini." Akaomba leseni. Akaomba kuona mtungi wa kuzimia moto. Akauliza pembetatu. Mzee akaninong'oneza kwa ukali, "Zima injini, unachoma mafuta bure!" Nikazima. Tulipomaliza na pembetatu nikawasha tena, na yule binti naye asingeweza kunyamaza siku hiyo.

"Nani huyo anaongea?" afande akauliza.

"Anadai kadi," mzee akajibu, mkweli mpaka mwisho.

"Enhe. Na kadi ya gari iko wapi?"

Kadi ya gari ipo nyumbani, kwenye droo, chini ya vyeti vya watoto. Sitaki kueleza yaliyofuata. Yalichukua muda, injini tuliiwasha na kuizima mpaka betri nayo ikaanza kusema yake, na chai ilikuwa bado haijamwagika. Ilimwagika mbele kidogo, bajaji ilipojichomeka mbele yangu bila taa wala salamu. Nikafunga breki. Kikombe kikaondoka dashibodini kwa heshima, kikatua kwenye bahasha ya mafao.

"Umekanyaga," mzee akasema.

"Nimefunga breki, mzee."

"Ni kukanyaga vilevile."

Halafu tukaingia kwenye foleni ya Ubungo, na huko ndiko naomba mnisikilize, utani pembeni. Mguu wangu unaokoa nini? Injini ya ukubwa huu ikinguruma palepale, haiendi mbele wala nyuma, inakunywa kama lita moja kwa saa, na AC ikiwaka inazidi hapo. Hiyo ni kilomita sifuri kwa lita. Hata Passo hapo ni sifuri, hata Scania, tumekuwa sawa mbele ya Mungu. Taa inawaka kijani, trafiki kasimama mbele yake anatuzuia kwa kiganja, kijani inaisha, anatuzuia, inawaka tena, bado anatuzuia, na upande anaouruhusu ni ule ule tangu nikiwa kijana. Unalala saa nne ili uamke saa kumi uwahi foleni, unakuta jiji lote limelala saa tatu.

Wajapani wale walipoandika kwenye makaratasi kwamba gari langu linatembea kilomita kadhaa kwa lita, walilipima likiwa juu ya roli, ndani ya chumba, kwa utaratibu wao unaoitwa 10-15. Mwendo wa juu kabisa kwenye kipimo kile ni kilomita 70 kwa saa, wastani 22.7. Ishirini na mbili nukta saba! Mimi nikipata wastani huo kati ya Kimara na Posta saa moja asubuhi, nachinja. Nani atanipimia gari langu kwa utaratibu wa Ubungo, na yule trafiki awekwe mle ndani ya chumba?

Na kabla hujafungua mdomo kuniambia nipande basi la mwendokasi: mnajua. Linapita hapo pembeni kwenye njia yake, nyuso zimebanwa kwenye vioo, wananitazama mimi nimekaa peke yangu na mzee na chai, nami nawatazama, na hakuna upande unaomwonea mwenzake wivu.

Mzee nilimshusha. Makaratasi yenye chai yalikataliwa, na hata yasingekuwa na chai yangekataliwa, maana kulikuwa na fomu nyingine ambayo hupewi mpaka uwe umeshaijaza. Ameniambia kesho kutwa tunarudi, na kwamba safari hii ataleta kikombe kidogo.

Nafika nyumbani jioni, shemeji yule yule wa theluji yupo sebuleni na kamati. Wanalitaka gari kwa ajili ya harusi. Mark X nyeusi ndiyo hadhi, wanasema, bibi harusi hawezi kushuka kwenye Noah. Nikauliza kistaarabu, mafuta? "Tutaweka, shem, usiwe na shaka." Mimi shaka ndiyo akiba pekee niliyonayo. Maana msafara wa harusi mnaujua: mbele pikapu ya matarumbeta, kilomita 15 kwa saa kutoka Mbezi mpaka Sinza, unazungushwa kila mzunguko wa barabara mara tatu ili picha zitoke, taa za dharura zinawaka, AC namba nne kwa sababu ya poda ya bibi harusi, na kila mtu akitelemka injini inaachwa iwake ili kuwe na ubaridi wakirudi. Hapo hata batani ya theluji haina msaada.

Halafu, gari wameshachukua, rimu wamesema wataziremba kwa utepe, na bado nikaandikiwa mchango. Tena kadi ya dabo. Nimemwambia mwenyekiti, mke wangu wiki hiyo yupo Moshi kwa mama yake, niandikieni singo. Anasema haiwezekani, bajeti ya vinywaji imeshapitishwa na kadi zimeshaenda kuchapwa, kwa hiyo nitafute mtu wa kwenda naye. Nimtafute wapi? Mzee wa mtaani ameshasema kama ni hivyo yuko tayari, ila anauliza kama ukumbini kutakuwa na chai.