Kabichi ya Bapcha Ndani ya Hiace

Kondakta alikagua matairi yote manne, moja baada ya jingine, akiyapiga teke, kabla hajakubali kwamba kilicholipuka ndani ya Hiace yake kilikuwa kabichi, na kwamba kabichi hiyo ilikuwa yangu.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 1 Novemba 2023, siku ya gulio la Tengeru, yaani siku ambayo mtu mwenye akili timamu hapandi daladala kutoka Arusha kwenda huko akiwa amepakata kitu cha kumwagika. Mimi nilikuwa nimekipakata kwa ajili ya bibi yangu, aliyetutoka mwezi Machi mwaka huo huo akiwa na miaka 90.

Bibi alizaliwa Poland mwaka 1933. Mwaka 1940 Wasovieti waliwapakia yeye na mama yake katika mabehewa ya mizigo wakawapeleka Siberia. Walipoachiliwa mwaka uliofuata wakateremka hadi Iran, na mwaka 1942 wakajikuta Tengeru, miongoni mwa wakimbizi wenzao wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliopangiwa vibanda vya duara chini ya Mlima Meru. Vita vilipokwisha, kijiji chao kilikuwa kimebaki ndani ya mipaka ya Umoja wa Kisovieti, hivyo wengi wao wakaenda kuanza upya Uingereza, Kanada na Australia. Bibi hakwenda popote. Mama yake alikuwa amefia kambini na kuzikwa pale pale, na zaidi ya hayo kulikuwa na kijana wa Kimeru aliyeleta ndizi kuwauzia wakimbizi, ambaye baadaye alitusimulia sisi wajukuu zake kwamba alimpandishia bei binti yule makusudi ili kesho yake arudi kugombana.

Tulimwita Babcia, neno la kwao la bibi, ambalo kwa masikio ya Tengeru lilisikika Bapcha, na majirani wakalichukulia kuwa jina lake la ubatizo. Sokoni, mchuuzi mgeni alipomtajia bei ya mzungu, Bapcha alimjibu kwa Kimeru, na bei ilishuka kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Jambo moja tu hakuliacha Poland, nalo ni kabichi chachu. Aliikata nyembamba kama nyuzi, akaipima chumvi gramu 20 kwa kila kilo, akaikandamiza katika pipa mpaka ikatoa maji yake yenyewe, kisha akaweka sahani na juu yake jiwe alilolitoa mtoni. Harufu yake ilifika kwa majirani kabla ya habari zake, na mchungaji alipokuja kuuliza kwa upole kama nyumbani kwetu kunapikwa pombe, babu alimjibu kwamba hapana, ile ni mbege ya kabichi, jibu ambalo halikumsaidia mtu yeyote.

Kila tarehe 1 Novemba, siku ambayo Wapolandi huwawashia marehemu wao mishumaa, Bapcha alitupeleka katika makaburi ya Wapolandi pale Tengeru, akawasha mishumaa minne juu ya kaburi la mama yake, akatandika kitenge, nasi tukala kabichi ile kwa viazi vya kuchemsha. Alipokuwa anaumwa alinishika mkono akaniambia, “Mama yangu asikae gizani.” Nilimwahidi mishumaa, kabichi niliiongeza mwenyewe, kwa kiherehere.

Tatizo ni kwamba Bapcha aliianza kabichi yake mapema mwezi Oktoba, na mimi niliianza Jumapili. Siku za mwanzo ndizo ambazo vijidudu vinavyoichachusha hutoa gesi kwa wingi, na ndiyo maana yeye hakulifunga pipa lake hata siku moja. Mimi, nikihofia usafi wa abiria wenzangu, nililisokota kwa nguvu zangu zote kopo la plastiki la lita 5, nikalifunga kwa utepe wa gundi juu yake, nikalipakata kutoka Sanawari.

Tulipopita Ngulelo kopo lilikuwa limevimba kama shavu la mgonjwa wa jino. Nikafikiri niufungue utepe kidogo. Sikuwahi kufikiri jambo la pili. Kifuniko kiligonga bati la dari, kikarudi chini kupitia bega la kijana mmoja, mtu akapiga kelele “Tairi!”, dereva akaminya breki, na kile ambacho kopo halikuwa limekitoa kwa mlipuko, breki zikakimalizia.

Aliyepata fungu kubwa ni mama mtu mzima aliyekaa mbele yangu. Nyuzi za kabichi zilining'inia kutoka kwenye kilemba chake hadi kwenye sikio, maji ya chumvi yakimtiririka shingoni, na mimi, kwa kukosa neno lolote la kusema, nikasema, “Shikamoo mama.”

“Marahaba,” akajibu bila kugeuka. Kisha akautoa uzi mmoja sikioni, akautazama kwenye mwanga wa dirisha, akautia mdomoni, akatafuna polepole huku gari zima likimsubiri.

“Wewe ni mjukuu wa Bapcha.”

“Ndiyo, mama.”

“Haijaiva hii. Na umekata minene.” Akameza. “Hukumwona bibi yako? Alikuwa hafungi.”

Kondakta, ambaye sasa alikuwa amemaliza habari za matairi, alinidai nauli ya watu wawili, mimi na kopo, na nikalipa bila ubishi. Mama yule aliteremka nami Tengeru, akasema gulio haliondoki, akanisindikiza hadi makaburini akininukia kabichi nami nikimnukia vile vile. Mishumaa yangu ilikuwa imelowa maji ya chumvi. Wa kwanza ulikataa, wa pili ukakataa, wa tatu ukawaka kidogo ukazimika kwa hasira. Wa nne akauchukua yeye, akaupangusa utambi kwa ncha ya kilemba, sehemu pekee iliyobaki kavu, akauwasha kwa kiberiti changu cha mwisho, nao ukakaa juu ya jiwe ukitatarika na kurusha cheche, ukitoa harufu ya jikoni kwa bibi.