Kabla Sijaanza, Niambie Kama Imeisha

Mtu akinisifia tamthilia mpya siku hizi, swali langu la kwanza ni moja: imeisha? Akisema ndiyo kwanza msimu wa kwanza, namshukuru na kuendelea na mambo yangu. Nimeachwa njia panda mara nyingi mno. Shujaa ananing'inia ukingoni, skrini inakuwa nyeusi, miezi michache baadaye unasikia imefutwa. Mpaka leo sijui kama alianguka.

Chukua Firefly, tamthilia ya Marekani ya safari za angani. Fox, kituo cha televisheni cha huko, walianza kuirusha Septemba 2002, Ijumaa usiku, wakati vijana ambao wangeipenda wako matembezini. Sehemu ya ufunguzi, yenye urefu wa saa mbili, ile inayokujulisha nani ni nani ndani ya chombo kile cha angani, waliiweka kando wakaanza na nyingine. Ilikuja kuonyeshwa Desemba, tamthilia ikiwa imeshafutwa. Zilirekodiwa sehemu 14, zikarushwa 11. Unamsimulia mtu hadithi kuanzia katikati, halafu unamlaumu kwamba haelewi!

Najua, televisheni ni biashara, na wenye matangazo wanalipia macho. Hilo silibishi. Ninachobisha ni haraka. Cheers, tamthilia ya vichekesho ya Marekani, ilipoanza 1982 ilikuwa inaburura mkia kwa idadi ya watazamaji. Kituo chake, NBC, wakaivumilia, ikadumu misimu 11. Leo sidhani kama ingevuka wa kwanza.

Huduma za kutazama tamthilia kwa intaneti tulidhani zitatuokoa, maana hazina saa ya kugombania. Wapi! Nazo zimekodolea macho wiki za mwanzo: wangapi wameanza, wangapi wamemaliza. Na hapo ndipo sisi watazamaji tunapojitia kitanzi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwa hiyo tunasubiri tamthilia ikamilike ndipo tuiguse. Tukisubiri, hesabu zinashuka, zikishuka, inafutwa, ikifutwa, tunajipongeza kwa kusubiri.

Sidai kila kitu kiendelee milele. Ziko zilizostahili kuzikwa mapema, na nyingine zimeburuzwa mpaka zikachosha hata wapenzi wake. Lakini wapeni waandishi sehemu moja ya kufunga hadithi. Moja tu. Firefly ilibidi isubiri filamu ya 2005 ndipo ipate angalau mwisho wa aina yake.

Juzi rafiki yangu kanitumia jina la tamthilia mpya, anasema hajalala kwa ajili yake. Nimeiandika kwenye orodha yangu ya kusubiri. Ni ya kumi na kitu humo, na nne kati ya hizo zimeshafutwa.