"Kali Sana!" Si Ukosoaji

Jamani, mpiga picha anaomba wenzake waikosoe picha yake ya bibi harusi, anajibiwa "kali sana!" Kali wapi? Gauni limeungua kwa mwanga, shanga zote zimepotea, na hakuna wa kumwambia apunguze mwangaza nusu stopu, kile kipimo cha mwanga kwenye kamera! Lenzi ya 35 mm, ile ya kuona eneo pana, imesogezwa hadi puani, pua imevimba. Si arudi nyuma na lenzi ya 85 mm, ile ya kuvuta kutoka mbali? Kwa f/1.4, yaani tundu la lenzi limefunguliwa mno, jicho moja linaonekana safi, la pili lina ukungu. Mwanga ulioakisiwa na nyasi umempaka kijani kidevuni. Tunaona, tunanyamaza!

Halafu yupo wa "sijaipenda". Hujapenda nini: shela, au mkono uliobanwa mbavuni ukaonekana mnene?

Nawe mpiga picha, ukiambiwa, unakimbilia "bibi harusi mwenyewe kaipenda". Sasa uliomba ukosolewe ili iweje?