Kabla ya kufa, Argwings-Kodhek alifanya kazi

Jumamosi iliyopita nilikuwa matangani huku Gem, Kaunti ya Siaya. Mheshimiwa mmoja akapewa kipaza sauti, na kabla hata hajamtaja marehemu aliyelala mbele yetu, akaanza orodha ya viongozi wetu Wajaluo waliouawa au waliokufa kwa utata: Argwings-Kodhek, Januari 1969. Mboya, Julai 1969. Ouko, 1990. Mnaijua. Umati ukaguna pale panapogunwa, ukapiga makofi pale panapopigwa. Kijana aliyeketi kando yangu akaniinamia: "Uncle, huyo Argwings si ni ile barabara ya Yaya, kule Nairobi?"

Ningemlaumu vipi? Sisi wakubwa zake tunachojua juu ya huyo mtu ni gari tu. Ilikuwa ajali au ilikuwa risasi? Kwa hilo tunaweza kubishana pale Kibuye, Kisumu, mpaka soko lifungwe. Sasa muulize mmoja wetu Argwings alifanya nini miaka yote kabla ya siku hiyo, uone anavyokohoa.

Nakubali, shingo upande, kwamba kifo chake si jambo dogo. Waziri wa Mambo ya Nje anakufa Nairobi, serikali inasema ni ajali ya barabarani, na huku ziwani watu hawakuamini siku ile wala hawaamini leo. Haya. Lakini mtu akishageuzwa kuwa kifo chake tu, yeyote anaweza kumtia mfukoni na kumtoa msimu wa kura ukifika.

Alizaliwa Gem mwaka 1923. Alipelekwa Uingereza kusomea mambo mengine, akageukia sheria. Alirudi mwaka 1952, mwaka uleule Waingereza walipotangaza Hali ya Hatari ili kuwazima Mau Mau, wapiganaji wa uhuru. Serikali ikampa kazi kwa mshahara wa Mwafrika, yaani kipande cha ule anaolipwa Mzungu wa meza ya pili. Akaikataa, akafungua ofisi yake mwenyewe, wakili Mwafrika wa kwanza Kenya. (Mkewe alikuwa Mwairishi, katika Nairobi iliyogawa hata mitaa kwa rangi ya ngozi. Hiyo ni makala nyingine.)

Sasa ingieni naye mahakamani, maana huko ndiko mheshimiwa hakutupeleka. Miaka ile, kukutwa na risasi moja mfukoni kulitosha kukutia kitanzi. Kulisha watu kiapo cha Mau Mau, kitanzi. Mahakama maalumu zikaundwa ili kesi ziende mbio, na zilikwenda: walionyongwa walipita elfu moja. Mshtakiwa anasimama hana senti, Kiingereza hakijui, anasikia habari za shingo yake mwenyewe kutoka kwa mkalimani. Ni Mkikuyu, au Mwembu, au Mmeru. Na anayeinuka kumsemea ni Mjaluo wa Gem ndani ya joho, kwa malipo kiduchu, mara nyingine bila malipo. Walowezi wakambandika jina la wakili wa Mau Mau, wakidhani wanamtukana.

Alipata nini kwa hayo yote? Twende kwenye hesabu ya kura, lugha ambayo mheshimiwa anaielewa vizuri. Mwaka 1955 serikali iliruhusu Waafrika kuunda vyama vya siasa, lakini vya wilaya tu. Argwings alitaka Kenya African National Congress, akakataliwa jina hilo, akabaki na Nairobi District African Congress. Machi 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wao wanane wa LegCo, bunge la kikoloni, kwa mara ya kwanza, alisimama Nairobi na Tom Mboya akamshinda. Mboya alikuwa fundi wa siasa kuliko yeye, hilo sina ubishi nalo. Ila tazameni nani alikuwa na kura. Mkikuyu hakupiga kura bila cheti cha utiifu kwa serikali. Wateja wa Argwings wangekipata wapi? Wengine walikuwa wamenyongwa, wengine wako kambini, na wenzao kwa maelfu walikuwa wamezolewa Nairobi kwa Operesheni Anvil, msako mkubwa wa Waingereza wa mwaka 1954. Miaka yake mizuri kabisa aliitumia kwa watu ambao hawangempa hata kura moja.

Halafu leo mtu anasimama Gem kumfanya Argwings silaha ya kuwachukia wajukuu wa wateja wake! Eti "waliotumaliza." Kina nani? Yule mzee wa Nyeri aliyeponea kitanzi kwa mdomo wa Argwings naye yumo?

Waliomkaribia kwa mwendo huo majuzi ni mawakili waliozunguka vituo vya polisi Juni 2024 wakitafuta vijana waliokamatwa kwenye maandamano. Hawakuuliza jina la pili la mtu kabla ya kumwandikia dhamana.

Na kuna jambo ambalo orodha ya mheshimiwa haiwezi kulisema. Jaramogi Oginga Odinga alipotoka KANU, chama tawala, mwaka 1966 na kuongoza chama cha upinzani cha KPU, Argwings hakumfuata. Alibaki na Kenyatta, akabaki serikalini. Mimi nadhani alikosea, na baba yangu alikuwa akilisema hilo kwa maneno makali zaidi. Gem nayo ilisema lake: alipokufa, kiti chake kilikwenda kwa Wasonga Sijeyo wa KPU. Kwa hiyo hata huyo "wetu" hatukuwa naye vizuri alipokuwa hai. Mimi namheshimu zaidi kwa kulijua hili. Mtakatifu wa matangani hana kazi na mimi.

Majalada ya kesi za Hali ya Hatari yako Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, Nairobi. Maseno ina wanafunzi wa historia. Kaunti ya Siaya iwape nauli na posho wawili watatu, wakae huko muhula mmoja, waandike majina ya wote aliowatetea, na hukumu iliyotolewa kwa kila mmoja. Kisha mheshimiwa apewe hiyo orodha aisome.