Nani Analipia Saa ya Siasa Redioni Mombasa?

Mwishoni mwa Aprili 2025, bodi ya serikali iliyokuwa ikidhibiti michezo ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari katika vyombo vya habari vya Kenya kwa siku 30. Wengi wetu tulilipokea agizo hilo kama suala la maadili, na kwa hakika lilikuwa hivyo, lakini ndani ya vituo vya redio lilikuwa pia suala la mishahara. Mwaka mmoja kabla yake, Machi 2024, serikali kuu ilikuwa imeelekeza matangazo ya wizara na mashirika yake yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la serikali, uamuzi uliopingwa mahakamani. Maagizo hayo mawili yalitolewa Nairobi bila kuilenga siasa ya Mombasa kwa namna yoyote. Hata hivyo, naamini yameugusa mjadala wa kisiasa wa mji huu kuliko sheria nyingi za utangazaji, kwa sababu kituo kidogo kikimpoteza mteja wa kamari na mteja wa serikali, anayebaki na fedha taslimu mkononi ni mwanasiasa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba vipindi vya mijadala vinataabika kwa kuwa watu wamechoka kuvisikiliza. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 56.9 ya kaya nchini zilikuwa na redio, kiwango kilichoizidi televisheni kwa mbali, na hapo hatujawataja wanaosikiliza kupitia simu au ndani ya matatu na tuktuk. Wasikilizaji wapo. Anayekosekana ni mlipaji asiyetaka chochote kutoka kwa mjadala wenyewe.

Wanaoona kwamba vipindi hivi viachwe vife kifo chao wana hoja ambazo hazifai kupuuzwa. Wanauliza ni kwa nini kituo kihangaike kulipia leseni, masafa, mtambo, umeme na mirabaha ya wanamuziki, ilhali kijana wa Kisauni mwenye simu na bando anaweza kurusha mjadala mubashara kwenye Facebook au TikTok bila kumwomba mtu ruhusa. Hoja yao nyingine ni nzito zaidi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki, iliyozichunguza ghasia hizo, ilivinyooshea kidole baadhi ya vituo vya redio, hasa vilivyotangaza kwa lugha za kienyeji, kwa kuchochea chuki. Na mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) huko The Hague hadi kesi yake ilipositishwa Aprili 2016 bila kupatikana na hatia. Mombasa ina madonda yake ya ardhi, na kaulimbiu ya "Pwani si Kenya" iliyovuma wakati wa vuguvugu la MRC, kundi lililotaka Pwani ijitenge na Kenya, haijasahaulika, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba hofu hiyo ni ya wenzetu wa bara peke yao. Laini iliyoachwa wazi kwa kila mwenye hasira inaweza kuzua madhara ambayo hakuna tangazo la kuomba radhi litakaloyafuta.

Hofu hiyo naikubali. Hoja ya Facebook, kwa upande wake, haisimami mbele ya masuala ambayo hasa yanaigusa Mombasa. Tuchukue mizigo ya bandari. Reli ya SGR, reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi, ilizinduliwa Mei 2017, na serikali ilipoelekeza baadaye kwamba makontena yasafirishwe kwa reli hiyo hadi bara, madereva wa malori, mawakala wa forodha, wafanyakazi wa yadi na mama lishe wa Changamwe waliona riziki yao ikiondoka. Maandamano yalifanyika mjini mwaka 2019, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba maagizo hayo yalikiuka katiba. Kituo cha kitaifa hakiwezi kulitengea suala kama hilo saa mbili kila asubuhi kwa wiki nzima, kwa kuwa msikilizaji wa Kisii ana yake yanayomsumbua. Video ya mtandaoni nayo huwakusanya zaidi wale ambao tayari wanakubaliana. Aghalabu haimketishi mwenye lori, ofisa wa bandari na mbunge kwenye meza moja, wala haina mhariri wa kumuuliza mbunge alipigaje kura.

Kazi hiyo hufanywa na redio ya mjini, na aliyewahi kuketi studioni anaujua mwendo wake. Mtangazaji anampokea mpigaji wa kwanza, sauti inajirudia kwa mwangwi, naye anamwomba, "Punguza redio yako kwanza, ndugu yangu." Mpigaji wa Likoni analalamikia feri, wa Jomvu anauliza maji yatarudi lini, na mwakilishi wadi aliye mbele ya kipaza sauti analazimika kujibu kwa kutaja mtaa na barabara, maana anayemsikiliza anapita hapo kila siku na hawezi kudanganywa.

Sasa tazama kinachotokea saa hiyo inaponunuliwa. Mgombea analipa, anaingia studioni, na wafuasi wake wanakusanyika mahali pamoja wakiwa na simu kadhaa. Laini zikifunguliwa tu, zinajaa. Mpigaji wa kwanza anampongeza mheshimiwa, wa pili anamwombea dua, wa tatu anamhimiza achape kazi, huku mwananchi aliyetaka kuuliza habari za hatimiliki ya kiwanja chake akiambiwa laini inatumika hadi kipindi kinakwisha. Hakuna aliyetukanwa wala sheria ya uchochezi iliyovunjwa, lakini mjadala haukuwapo.

Wasimamizi wa vituo wana utetezi wao. Wanasema malipo ya mwanasiasa mmoja yanaweza kuwalipa watangazaji mwezi mzima, na kwamba mhariri akimkataa mteja huyo, jirani yake atampokea jioni ile ile. Huongeza kwamba kuuza muda kunampa mgombea asiyejulikana nafasi ya kusikika. Hoja hii ya mwisho ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu mgombea asiyejulikana kwa kawaida ndiye asiye na fedha. Zile za mwanzo ni za kweli, na si haki kuzijibu kwa mahubiri ya maadili mbele ya mtu anayedaiwa mishahara. Kwa maoni yangu, kosa haliko katika kuuza muda bali katika kuuficha uuzaji huo. Kituo kikitangaza mwanzoni, na tena kila baada ya mapumziko, kwamba muda umelipiwa na fulani, na laini zikabaki mikononi mwa mtayarishaji anayewachagua wapigaji kutoka maeneo bunge yote sita ya Mombasa, msikilizaji atajua namna ya kuyapima anayoyasikia.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni lile lisilosikika hewani. Serikali za kaunti nazo hutangaza: zabuni, kampeni za chanjo, mikutano ya kukusanya maoni ya umma. Malipo hayo yanapocheleweshwa, kituo kinachodai hujikuta kikimwogopa mdaiwa wake. Si lazima mtu yeyote apige simu ya vitisho. Mhariri mwenyewe humwondoa mgeni mkali kwenye ratiba na kumwita mshauri wa lishe. Hali hii haikuanza na gavana fulani, wala haiihusu Mombasa peke yake. Ikilinganishwa nayo, mikono mizito ya wadhibiti huonekana wazi na hupingika: Mamlaka ya Mawasiliano ilipoamuru matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakomeshwe tarehe 25 Juni 2025, na kuzima mitambo ya baadhi ya vituo vya televisheni, Mahakama Kuu ilisimamisha amri hiyo haraka. Mgeni aliyeondolewa kimyakimya hana mahakama ya kwenda.

Kwa hiyo ningependa bunge la kaunti litunge sheria ya kugawa matangazo yake kwa vigezo vilivyoandikwa, lichapishe kila robo mwaka kiasi ambacho kila kituo kimelipwa, na kuweka muda wa mwisho wa kulipa. Litakuwapo pingamizi kwamba vigezo vya idadi ya wasikilizaji vitavipendelea vituo vikubwa vyenye makao Nairobi, na pingamizi hilo ni sahihi. Dawa yake ni kutenga sehemu kwa ajili ya vituo vyenye chumba cha habari hapa Pwani, vilivyo na mtayarishaji wa kuwachuja wapigaji na kifaa cha kuchelewesha sauti kwa sekunde chache ili matusi na uchochezi vikatwe kabla ya kuruka hewani. Wengine watasema fedha za umma ni kamba shingoni mwa redio. Kamba hiyo imeshafungwa tayari. Tofauti ni kwamba leo hakuna anayeiona. Muda uliobaki ni mfupi, kwa kuwa kampeni za Agosti 2027 zikishapamba moto, karibu kila mjumbe wa bunge hilo atakuwa ama mnunuzi wa saa redioni, ama mshirika wa mnunuzi.